Kabla Hatujailaumu Karanga

Hotuba kwa wanafunzi, walimu na wazazi katika Siku ya Sayansi ya shule moja ya sekondari, Moshi

Mheshimiwa Mkuu wa Shule, walimu, wazazi mliofunga maduka na kuacha mashamba ili mfike hapa, na ninyi wanafunzi ambao siku hii ni yenu: wazee wangu shikamooni, na vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya sayansi katika maisha ya kila siku, nami nimechagua chunusi. Nafanya kazi kwenye duka la dawa, na hakuna jambo ambalo vijana huniuliza kwa sauti ya chini kuliko hilo. Tena hakuna jambo jingine ambalo jibu lake huwa limeshatolewa nyumbani kabla mtoto hajanifikia kama hilo. Mama amemwambia ni karanga. Shangazi kasema ni kitimoto. Rafiki wa bwenini kasema chokoleti, mwingine mayai, mwingine parachichi. Wapo hata wanaomwambia kijana kwamba chunusi zitakwisha akianza mapenzi. Huo ni uongo wenye madhara, nautaja mara moja tu ili ukae wazi: chunusi haziponywi na jambo hilo wala hazisababishwi na kulikosa.

Kwa nini nalichukulia jambo hili kwa uzito? Angalieni vyakula vinavyolaumiwa. Karanga, mayai, parachichi. Hivi ndivyo vyakula vya bei nafuu vinavyomjenga kijana anayekua. Msichana wa kidato cha pili ambaye nyumbani kwao nyama inaonekana Jumapili tu, akiacha mayai na karanga mwaka mzima kwa ajili ya uso wake, amejinyima protini na mafuta mazuri kwa sababu ya tuhuma ambayo hakuna aliyeipima. Na chunusi anabaki nazo. Kisha anaambiwa hajajinyima vya kutosha. Nimewaona wasichana wa namna hiyo, na inaniuma.

Kwa hiyo leo nataka tuulize swali moja tu, tuliulize vizuri: tutajuaje kwamba chakula fulani kweli kinaleta chunusi?

Tuanze na chunusi yenyewe. Kila kinyweleo usoni kina tezi ndogo ya mafuta pembeni mwake. Balehe ikifika, homoni za kiume, ambazo wasichana nao wanazo kwa kiasi chao, huichochea tezi hiyo itoe mafuta mengi zaidi. Wakati huohuo seli za ngozi zilizomo ndani ya tundu la kinyweleo, badala ya kubanduka na kutoka, hushikamana na kuziba njia. Mafuta hujikusanya nyuma ya kizibo. Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye yumo kwenye ngozi ya kila mmoja wetu ukumbini humu, hustawi mle ndani, na mwili unapopambana naye ndipo tunapopata uvimbe, maumivu na usaha. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani sana. Kinachoonekana ni doa jeusi linalobaki miezi mingi baada ya chunusi kupona, na wengi wanaonijia hulilia doa kuliko wanavyoililia chunusi.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, mafuta yanayong'aa usoni hutengenezwa na tezi yenyewe. Mafuta ya chapati hayasafiri kutoka tumboni yakachomoza kwenye paji la uso. La pili, ambalo ndilo hasa la leo: tangu tundu linapoanza kuziba hadi uvimbe uonekane, mara nyingi hupita wiki kadhaa. Ukila karanga Jumamosi ukaamka Jumatatu na chunusi kidevuni, tundu hilo lilianza kuziba kabla karanga hizo hazijakaangwa. Lakini macho yako yameona karanga, kisha chunusi, na akili imefunga mkataba. Mara ngapi ulikula karanga na hakikutokea kitu? Hizo hukuzihesabu.

Tatizo la pili ni gumu zaidi. Chunusi hupanda na kushuka zenyewe. Mtu huanza kutafuta tiba siku uso umeharibika kabisa. Siku hiyo anaacha nyama ya nguruwe, anaanza kupaka limao, anakunywa maji lita tatu. Baada ya mwezi uso umepoa kidogo. Ungepoa hata kama asingefanya chochote, kwa sababu alianzia kwenye kilele. Basi nyama ya nguruwe imehukumiwa, limao limesifiwa, na wote wawili huenda hawakuhusika.

Wazazi wakulima hapa wanajua dawa ya tatizo hili kuliko mimi. Ukitaka kujua kama mbolea mpya inafaa, huitii shamba zima halafu ukalinganisha na mavuno ya mwaka jana, maana mwaka jana mvua ilikuwa tofauti. Unagawa shamba lile lile, mbegu ile ile, mvua ile ile, upande mmoja unatia na upande mwingine hutii. Na kama u mwaminifu, hutii mbolea upande ambao tayari una rutuba. Unapiga kura kuchagua upande wa kutia. Jaribio la chakula na chunusi ni hivyo hivyo, ila mahindi hayana mawazo na binadamu anayo. Ukimwambia anakula kitu kibaya, atazitafuta chunusi kwenye kioo. Ndiyo maana ikiwezekana asijue anakula kipi, na yule anayehesabu chunusi naye asijue.

Sasa niwaonyeshe watu waliojaribu.

Jaribio lililovuma kuliko yote lilichapishwa Marekani mwaka 1969. Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake James Fulton na Gerd Plewig waliwachukua watu 65 wenye chunusi: vijana 30, na wafungwa wa kiume 35. Kwa zamu, kila mmoja alipewa kila siku kipande cha chokoleti chenye kakao zaidi ya mara kumi ya ile ya kawaida, kwa wiki 4. Baada ya mapumziko wakabadilishana: waliokula chokoleti wakapata kipande kilichofanana nacho lakini kisicho na kakao, na wale wengine wakapata chokoleti. Matokeo ya chokoleti: watu 46 hawakubadilika, 10 walipata nafuu, 9 walizidi. Kwa zaidi ya miaka 30 vitabu vya udaktari vikaandika kwamba chakula hakihusiani na chunusi, na jaribio hili likawa ndilo nguzo yake.

Lisomeni tena polepole. Lile kundi la ulinganisho walikula nini? Kipande kisicho na kakao, lakini chenye sukari na mafuta karibu sawa na kile cha chokoleti. Kwa hiyo swali walilojibu ni la kakao peke yake. Kama sukari ndiyo yenye kosa, makundi yote mawili yalikuwa yanaila. Wiki 4 nazo ni chache kwa ugonjwa unaochukua wiki kadhaa kujitokeza. Na gharama zilichangiwa na chama cha watengenezaji chokoleti. Simshutumu mtu kwa kupokea fedha, lakini ninyi vijana mkisoma utafiti wowote, wa dawa, wa mbegu, wa sabuni, ulizeni nani kalipa.

Kuna jambo jingine katika jaribio hilo ambalo siwezi kulipita. Wale wafungwa. Kligman alifanya majaribio mengi ya ngozi katika gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, kuanzia 1951 hadi 1974, na wengi wa waliojaribiwa walikuwa watu weusi maskini, walioridhia kwa sababu ya vijisenti katika mahali ambapo hakuna njia nyingine ya kupata fedha. Baadaye mambo hayo yalilaaniwa, na yalichangia kuifanya Marekani iweke masharti makali ya kuwatumia wafungwa katika utafiti. Kula chokoleti ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Mtu asiyeweza kusema hapana hajasema ndiyo. Nitalirudia mwishoni, tutakapozungumza juu ya jaribio letu wenyewe.

Miaka miwili baadaye, 1971, daktari mmoja wa Marekani aitwaye Anderson alichapisha jaribio dogo. Aliwachukua wanafunzi 27 waliosema wao wenyewe kwamba chakula fulani huwaletea chunusi, akawapa chakula hichohicho kila siku kwa wiki moja: chokoleti, maziwa, soda ya kola, au karanga za kukaanga. Naam, karanga zetu. Hakuna aliyezidi. Ningependa kulishangilia jaribio hili, lakini haki ni haki hata inapokuwa upande wangu. Wiki moja haitoshi, na hapakuwa na kundi la kulinganishia. Linaonyesha tu kwamba ile imani ya “nikila leo, kesho zinatoka” haikusimama mbele ya macho ya mtu mwingine.

Mjadala ukalala. Uliouamsha ulikuwa ni utafiti wa mwaka 2002, na naupenda kwa sababu ya vyakula vilivyomo. Kwenye kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, daktari wa Kiswidi Staffan Lindeberg alikuwa amewachunguza watu 1,200, kati yao 300 wakiwa na umri wa miaka 15 hadi 25. Hakukuta hata chunusi moja. Miaka 15 hadi 25! Umri wenu ninyi! Loren Cordain na wenzake wakaunganisha takwimu hizo na za watu wa kabila la Ache wa misitu ya Paraguai, ambao nao hawakuonekana na chunusi. Watu wa Kitava walikula viazi vikuu, viazi vitamu, magimbi, matunda, samaki na nazi. Mtu wa Tanga au wa Pemba akisoma orodha hiyo atadhani ni jikoni kwa bibi yake. Nazi ina mafuta mengi, na bado nyuso zilikuwa safi. Walichokosa ni sukari ya dukani, unga mweupe, soda na biskuti.

Je, basi tumempata mwenye kosa? Bado. Watu wa kisiwa kimoja hufanana kwa damu, kwa kazi, kwa jua, kwa mambo mia. Kuangalia watu walivyo hakutoshi, hata wakiwa 1,200. Ila kulitoa dokezo: huenda tatizo ni kasi ambayo chakula hupandisha sukari kwenye damu, wala si mafuta.

Dokezo hilo lina maelezo ya kimwili. Ukila kitu kinachogeuka sukari haraka, kongosho humwaga insulini nyingi. Insulini nyingi huongeza nguvu ya homoni nyingine ya ukuaji iitwayo IGF-1, na hizo mbili pamoja huchochea tezi za mafuta, husukuma homoni za kiume, na hufanya seli zinazoziba tundu zizaliane upesi. Njia iko wazi kwenye vitabu. Lakini njia kuwepo hakumaanishi kwamba kuna aliyepita. Lazima ujaribu.

Walijaribu Melbourne, Australia. Robyn Smith na wenzake, mwaka 2007, walitoa matokeo ya vijana wa kiume 43 wa miaka 15 hadi 25 kwa wiki 12. Kundi moja lilikula protini zaidi na wanga usiopandisha sukari haraka. Kundi la pili liliendelea na chakula chake cha kawaida chenye wanga mwingi. Aliyehesabu chunusi hakujua nani yuko wapi. Kundi la kwanza lilipungukiwa chunusi 23.5 kwa wastani. La pili 12.

Naomba msimame kwenye hiyo 12, maana watu wengi huiruka. Hawa hawakubadilisha chochote cha maana, na bado chunusi 12 ziliondoka. Kama pasingekuwepo kundi la pili, tungetangaza kwamba lishe imeondoa chunusi 23. Ukweli ni kwamba karibu nusu ya nafuu ile ingekuja bila lishe. Ile nusu nyingine, tofauti kati ya makundi, ndiyo tunayoweza kuipa lishe sifa. Na hata hapo pana tundu: kundi la kwanza lilipungua uzito kama kilo 3, na kupungua uzito nako hushusha insulini. Ni chakula au ni kilo? Jaribio lile halikuweza kuvitenganisha kabisa.

Korea Kusini walifanya la kwao, wagonjwa 32, wiki 10, wakaripoti mwaka 2012. Waliokula vyakula vya sukari ya taratibu walipata nafuu, na vipande vya ngozi vilivyotazamwa kwa hadubini vilionyesha tezi za mafuta zimekuwa ndogo. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu hadubini haisikii tunachotamani. Lakini Australia kwenyewe, mwaka 2010, wavulana 58 waligawanywa, 43 wakamaliza wiki 8: waliokula wanga wa taratibu walipungukiwa chunusi kwa asilimia 26, waliokula wanga wa haraka kwa asilimia 16. Wote walipata nafuu! Na tofauti kati yao ilikuwa ndogo mno kwa idadi ile ya watu kuweza kusemwa si bahati tu.

Hivi ndivyo ukweli unavyofika, wanangu. Hauji na tarumbeta. Unakuja vipande vipande, vingine vinapingana, na kazi yako ni kuvipima bila kuchagua kile unachokipenda.

Maziwa yana habari yake. Mwaka 2005 Clement Adebamowo, daktari wa Kinigeria aliyekuwa Harvard, na wenzake walichapisha majibu ya wauguzi wa kike 47,355 wa Marekani walioulizwa walikula nini walipokuwa sekondari, na kama daktari aliwahi kuwaambia wana chunusi kali. Waliokunywa maziwa mengi walikuwa na chunusi zaidi, na uhusiano ulikuwa na nguvu kuliko yote kwa maziwa yaliyotolewa mafuta: asilimia 44 zaidi. Kama mafuta ndiyo yenye kosa, mambo yangekuwa kinyume. Lakini fikirieni: mwanamke mtu mzima anaulizwa alikunywa glasi ngapi akiwa na miaka 16. Nani kati ya wazazi hapa anakumbuka? Tafiti zilizofuata ziliwafuatilia wasichana na wavulana wakiwa bado wadogo, na uhusiano ukaonekana tena, mdogo zaidi. Mwaka 2018 tafiti nyingi zilijumlishwa pamoja, watoto na vijana 78,529, na wanywaji wa maziwa walionekana kuwa na uwezekano wa chunusi ulioongezeka kwa robo hivi. Huo ni uhusiano, bado si sababu. Mimi simwambii mtoto wa Kichaga aache maziwa kwa ushahidi huo. Namwambia, kama chunusi zake ni kali na anakunywa vikombe vingi kila siku, hapo pana kitu cha kujaribu.

Na chokoleti? Imerudishwa maabara. Mwaka 2014 wanaume 14 waligawiwa vidonge, wengine vyenye kakao tupu, wengine visivyo na kakao, na kadiri mtu alivyomeza kakao zaidi ndivyo chunusi zilivyoongezeka. Mwaka 2016 wanafunzi wa chuo 54 walikula chokoleti au peremende zenye sukari inayolingana, na baada ya saa 48 waliokula chokoleti walikuwa wameongezeka chunusi 4 au 5 kwa wastani. Majaribio madogo, muda mfupi, na la pili kila mtu alijua anatafuna nini. Kwa hiyo suala la kakao lililofungwa mwaka 1969 liko wazi tena.

Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, kilizipitia tafiti za lishe kikaona hazijatosha kutoa agizo kwa wagonjwa wote. Nakubaliana nao. Lakini kutokuwa na agizo la wote hakukuzuii wewe kuchunguza uso wako.

Niseme basi ninavyovipima mimi. Tuhuma yenye uzito zaidi ni ya sukari na wanga uliokobolewa ukasafishwa. Soda ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari, vijiko vya chai tisa hivi, na hakuna atakayedhurika kwa kuipunguza hata kama chunusi hazitaondoka. Inayofuata ni ya maziwa, nayo ni ndogo. Kakao haijulikani. Mayai na parachichi sijaona ushahidi wa kuvitia hatiani, na karanga hupandisha sukari polepole sana, kama maharage, kwa hiyo hata kwa dokezo letu lenye nguvu kuliko yote hazishikiki. Kuleni karanga. Kama hazikudhuru kwa mzio, kuleni.

Na yapo yenye uzito kuliko sahani. Mwaka 2002 utafiti wa mapacha wa Uingereza ulikuta kwamba asilimia 81 ya tofauti za chunusi kati ya watu wale ilitokana na urithi. Mzazi, kabla hujamwambia mwanao ale vizuri, tafuta picha yako ya ujana. Halafu angalia kile anachopaka. Ni wale wale Plewig, Fulton na Kligman walioeleza mwaka 1970 chunusi za paji la uso zinazoletwa na mafuta ya nywele, na hadi leo naziona: msichana ana chunusi mstari mmoja chini ya nywele, kidevu kisafi. Badilisha mafuta, funika nywele usiku, usubiri.

Baya kuliko yote ni mkorogo. Krimu za kung'arisha zinazouzwa kwa siri mara nyingi huwa na steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, na steroidi zikipakwa usoni kwa muda huleta chunusi zake zenyewe, ndogo, nyingi, zinazofanana. Mtu anaongeza krimu kuficha madoa, madoa yanaongezeka. Na wewe kijana unayetumbua chunusi kwa kucha, au kupaka dawa ya meno na limao: unajitengenezea lile doa unalolichukia. Dawa za kweli zipo, benzoili peroksaidi, adapalini, na nyingine ambazo daktari ndiye anayeziandika, na nazo zinahitaji wiki 8 hadi 12 kabla hujazihukumu. Hapa Moshi tuna bahati ambayo nchi jirani zinatuonea wivu: katika hospitali ya KCMC pana kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa kanda nzima. Chunusi zenye maumivu makubwa, zinazoacha makovu, ziende huko. Zisingoje ushauri wa bwenini.

Sasa jaribio. Nawaeleza kwanza la mtu mmoja, kwa yeyote anayeshuku chakula fulani. Chagua chakula kimoja, kimoja tu. Wiki 4 za mwanzo usibadilishe kitu, hesabu tu. Hesabu kila Jumapili asubuhi, mahali pamoja, mfano shavu la kulia na kidevu, kwa mwanga ule ule, ukaandike kwenye daftari. Bora mtu mwingine ahesabu, asiyejua uko kwenye hatua gani. Kisha acha chakula hicho kwa wiki 12. Kisha kirudishe, uendelee kuhesabu. Hii ya kurudisha ndiyo watu huikwepa, na ndiyo yenye jibu: kama zilipungua ulipoacha na hazikupanda uliporudia, chakula hicho huenda hakikuhusika. Wasichana waandike na tarehe za hedhi, maana chunusi nyingi hupanda siku chache kabla yake, na bila tarehe hizo utalaumu wali wa Ijumaa bure. Usianze sabuni mpya katikati. Na kamwe usijaribu kwa kula zaidi kile unachokishuku. Jaribu kwa kupunguza.

La pili ni la klabu yenu ya sayansi, na mwalimu wa biolojia amekubali kulisimamia. Shule ya bweni ni mahali pazuri mno kwa jaribio hili, kwa kuwa mnakula sufuria moja: uji ule ule, ugali na maharage yale yale. Kinachowatofautisha ni vya dukani. Tunapendekeza watakaojiandikisha wagawanywe kwa kura ya vikaratasi, nusu waache soda, peremende na biskuti kwa wiki 12, nusu waendelee kama kawaida. Watakaohesabu chunusi watoke nje ya shule, wasiambiwe nani yuko kundi gani, na washiriki waapishwe wasiwaambie. Watu kumi hawatoshi. Mmeona wavulana wa Australia: kwa watu 43, asilimia 26 na 16 hazikuweza kutenganishwa. Kwa hiyo tumeomba shule mbili za jirani ziungane nasi, na kama idadi bado itakuwa ndogo, tutaandika hivyo hivyo kwenye ripoti kabla ya kuipeleka kwenye maonesho ya Young Scientists Tanzania. Na kama matokeo yataonyesha hakuna tofauti, yatapelekwa vile vile.

Hapa narudi kwa wale wafungwa. Hakuna mwanafunzi atakayeandikishwa kwa sababu mwalimu kamtazama. Hakuna alama wala zawadi. Hakuna picha ya uso itakayopigwa, na daftari la hesabu litakuwa na namba badala ya majina. Mwenye kutaka kujitoa wiki ya tatu au ya kumi na moja atajitoa bila kuulizwa kwa nini. Kabla ya lolote mpango utapelekwa kwa wanaohusika na maadili ya utafiti, na mzazi ataweka saini, na mtoto mwenyewe ataweka saini. Mzazi akikubali na mtoto akakataa, mtoto ndiye anayesikilizwa.

Fomu ziko kwa mwalimu wa biolojia, mezani pale mlangoni. Wazazi, zisomeni nyumbani, msisaini hapa kwa haraka. Kura itapigwa baada ya kibali kupatikana, na hesabu ya kwanza itafanyika kabla yeyote hajaacha soda hata moja. Nami nitakaa darasa la mwisho upande ule hadi saa kumi jioni. Mwenye swali la uso wake mwenyewe aje peke yake, na aje na kile anachopaka nikione.